Jinsi ya Kukisoma Kisima cha Ngazi cha Gujarat, Kuanzia Ukingoni Hadi Majini

Ukiishika noti ya rupia 100 ya India, ile ya rangi ya zambarau iliyoanza kutolewa mwaka 2018, na kuigeuza upande wa nyuma, utaona mchoro wa nguzo zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Wengi hudhani ni jumba la mfalme au hekalu. Ni kisima. Kinaitwa Rani ki Vav, yaani kisima cha malkia, na kipo Patan, mji wa kaskazini mwa jimbo la Gujarat. Vav ndilo jina la Kigujarati la kisima cha ngazi. Watu wa Rajasthan na Delhi husema baori au baoli. Katika visima tulivyovizoea pwani ya Afrika Mashariki ndoo ndiyo hushuka kwa kamba na mtu akabaki juu. Katika vav mtu mwenyewe ndiye hushuka, ghorofa baada ya ghorofa, hadi ayafikie maji.

Mwongozo huu ni wa msomaji anayekusudia kukitembelea kisima cha namna hiyo, au anayetaka kuzitazama picha na ramani zake kwa jicho linaloelewa. Kosa la wageni wengi ni kuanza na sanamu. Sanamu hizo ni nyingi na ni nzuri kiasi kwamba macho hushiba katika dakika kumi za kwanza, na mgeni huondoka ameona michongo lakini hajakiona kisima. Utaratibu ninaoupendekeza ni wa kinyume: soma maji kwanza, kisha udongo, kisha nguzo, na michongo uiache iwe ya mwisho. Kila kitu ndani ya vav kimewekwa kilipo kwa sababu ya kimo cha maji, na hilo likishaeleweka hata sanamu hueleweka upya.

Kuchagua kisima, majira na saa

Kwa anayeanza, viwili vinatosha. Cha kwanza ni Adalaj, kijiji kilicho kilomita 18 hivi kaskazini mwa jiji la Ahmedabad. Kisima chake kilikamilika mwishoni mwa karne ya 15 na bado kimesimama karibu kizima, kwa hiyo mpangilio wake unasomeka bila kubahatisha. Cha pili ni Rani ki Vav ya Patan, takriban kilomita 125 kutoka Ahmedabad, ambacho ni cha karne ya 11 na kimepoteza baadhi ya nguzo zake pamoja na lango la mapambo lililokuwa mwanzoni mwa ngazi. Mwenye siku mbili aanze Adalaj, ajifunze mwili wa vav ukiwa kamili, kisha aende Patan akiwa tayari anajua kilichokosekana kilikuwa wapi.

Kuhusu majira, kumbuka kwamba mvua ya Gujarat huletwa na upepo wa kusi, uleule uliokuwa ukiyasukuma majahazi ya Lamu, Mombasa na Unguja kuelekea Bara Hindi. Mvua hunyesha kati ya Juni na Septemba, na miezi mingine yote hupita karibu bila tone. Baada ya mvua maji ya ardhini hupanda, kisha huanza kuteremka polepole hadi mwezi Mei, wakati joto linapokuwa kali kupita kiasi. Wazo la vav limezaliwa hapo. Mwezi Septemba mama mwenye mtungi angeshuka vidato vichache tu akayakuta maji. Mwezi Mei angeshuka ngazi yote. Maji yalikuwa yakimkimbia, naye alikuwa na njia ya kuyafuata. Ngazi hiyo, kwa hiyo, ni kipimo cha mwaka mzima kilichojengwa kwa mawe. Siku hizi kimo cha maji ya ardhini kimeshuka sana katika sehemu nyingi za Gujarat na visima vingi vimekauka au vimebakiwa na maji kidogo, hivyo usisubiri mwezi wa maji. Nenda kati ya Novemba na Februari, hewa inapokuwa ya kupumulika.

Saa nayo ina maana yake. Ngazi za Rani ki Vav huanzia mashariki na kushuka kuelekea magharibi, kilipo kisima chenyewe; jua la asubuhi huingia pamoja nawe na kuiangaza michongo iliyo mbele yako. Adalaj ni kinyume: ngazi yake kuu hushuka kutoka kusini kwenda kaskazini, na wajenzi walikusudia jua kali lisiufikie mteremko wenyewe isipokuwa kwa muda mfupi wa adhuhuri. Basi Patan fika mapema, na Adalaj jipange uwe ndani jua linapokuwa utosini.

Hatua ya kwanza: usishuke

Ukifika, simama ukingoni na utembee juu kukizunguka kisima chote. Vav haina uso. Ukiwa mbali huoni kitu isipokuwa uwanja tambarare na pengine paa chache fupi, kwa sababu jengo hili halikuinuliwa bali lilichimbwa. Kutoka juu tafuta sehemu nne. Kuna handaki refu la ngazi. Kuna kumbi za nguzo zinazolikata handaki hilo kwa upana, moja baada ya nyingine. Kuna birika ngazi zinapoishia. Na mwisho kabisa, nyuma ya birika, kuna shimo la mviringo la kisima chenyewe, lililo wazi hadi juu. Mtu akikosea huliona shimo hilo kama kiambatisho, ilhali lilichimbwa ili kuyapata maji na mengine yote yakajengwa kulifuata.

Kwa Rani ki Vav vipimo ni hivi: urefu wa handaki ni mita 64 hivi, upana mita 20, na kina mita 27. Birika lina karibu mita 9.5 kila upande na lipo mita 23 chini ya ardhi. Shimo la kisima lina kipenyo cha mita 10 na kina cha mita 30. Ukiwa ukingoni jaribu kuziona namba hizo kwa kulinganisha: mita 27 ni kama jengo la ghorofa nane, lililopinduliwa likaingizwa ardhini.

Kisha hesabu milango. Mafundi wa kale waliziainisha vav kwa idadi ya njia za kuingilia: yenye mlango mmoja iliitwa Nanda, miwili Bhadra, mitatu Jaya, minne Vijaya. Rani ki Vav ni Nanda. Adalaj ni Jaya, maana ngazi tatu kutoka pande tatu hukutana kwenye jukwaa moja chini ya usawa wa ardhi, na kutoka hapo njia inakuwa moja hadi majini. Simama katikati ya jukwaa hilo utazame juu: paa limeachwa wazi kwa umbo la pembe nane, na nuru huanguka humo bila ukali wa jua.

Hatua ya pili: shuka ukisoma udongo

Sasa shuka, taratibu, ukishika ukuta pale panaporuhusiwa, kwa kuwa vidato vya zamani vimelika katikati na huteleza. Watoto washikwe mkono. Usivuke kamba wala geti lililofungwa. Ngazi za chini mara nyingi huzuiwa kwa usalama, na zuio hilo linaulinda mjengo kama linavyokulinda wewe.

Swali la kujiuliza wakati wa kushuka ni hili: kwa nini kuta hizi hazijaanguka? Sehemu kubwa ya ardhi ya kaskazini mwa Gujarat ni mchanga na udongo ulioletwa na mito. Ukichimba handaki refu katika udongo wa namna hiyo, kuta mbili zinazotazamana zitataka kufunga, hasa mvua inapoulowesha udongo nyuma yake ukawa mzito. Jibu la mafundi ni zile kumbi za nguzo. Mtu akizitazama kwa haraka atadhani ni vibanda vya kupumzikia, na kweli wasafiri na wachota maji walipumzika humo. Lakini kazi yake ya kwanza ni kuzizuia kuta. Boriti za mawe zimelazwa kutoka ukuta hadi ukuta, nguzo zimezibeba, na kila unaposhuka ghorofa moja tabaka moja la boriti huongezeka juu ya kichwa chako, kwa sababu mgandamizo wa udongo nao umeongezeka. Kwa hiyo hesabu matabaka. Karibu na mlango utakuta moja; Adalaj ukifika chini utakuwa na ghorofa tano. Wingi wa nguzo unazoziona ukitazama juu kutoka chini, ule unaozifanya picha za vav zipendeze, ni hesabu ya mzigo wa udongo iliyoandikwa kwa mawe.

Simama katika kila jukwaa kwa dakika moja. Utahisi hewa ikibadilika. Kivuli cha kumbi, unene wa ardhi pande zote mbili na unyevu wa maji yaliyo chini huifanya hewa iwe baridi kwa nyuzi kadhaa kuliko ya uwanjani. Katika nchi ambayo joto la Mei huweza kupita nyuzi 40, sehemu kama hiyo ilikuwa baraza ya umma: wanawake walikutana hapo, misafara ikaegesha wanyama juu na watu wakashuka kulala mchana.

Hatua ya tatu: fuata njia mbili za maji

Ukifika kwenye birika, kumbuka kwamba maji ya vav yalitoka kwa njia mbili, na kila njia ilikuwa na watu wake. Njia ya kwanza ni ya miguu: mtu hushuka, hujaza mtungi birikani, hupanda. Njia ya pili ni ya kamba: juu, kwenye mdomo wa shimo la mviringo, mfuko mkubwa wa ngozi uliteremshwa na kuvutwa na ng'ombe waliotembea kwenye mteremko, na maji hayo yakaenda kwenye mashamba na mabirika ya mifugo. Njia hizi hazikuingiliana. Ng'ombe hakukanyaga ngazi, na mchota maji hakungoja zamu ya mkulima.

Kwa hiyo ukirudi juu, nenda kwenye ukingo wa shimo uukague kwa karibu. Katika visima vya zamani vilivyotumika sana, kamba huchimba mifereji kwenye jiwe la ukingo, mifereji laini inayoweza kulaza kidole. Aliyekulia karibu na kisima cha kijiji, Pemba au Malindi, atalifahamu jiwe la namna hiyo kabla ya kuelezwa.

Hatua ya nne: sasa tazama michongo

Hapa Patan inastahili muda mrefu kuliko mahali pengine popote, nami ningeipa saa mbili bila kusita. Kisima hiki kinahusishwa na Malkia Udayamati, mke wa Mfalme Bhima wa Kwanza wa ukoo wa Chaulukya, ambao pia huitwa Solanki. Inaaminika kwamba alikijenga kwa kumbukumbu ya mumewe, na mwaka unaotajwa ni 1063 hivi. Merutunga, mtawa wa dini ya Jain aliyeandika mwaka 1304, ndiye aliyemtaja Udayamati kuwa mjenzi. Sanamu kuu zinazidi 500, na ndogo ni zaidi ya 1,000.

Usijaribu kuziona zote. Fuata mada moja, nayo ni Vishnu. Katika imani ya Kihindu, Vishnu hulala juu ya Shesha, nyoka mwenye vichwa vingi, akielea kwenye bahari isiyo na mwisho kabla ulimwengu haujaumbwa. Mchongo wa Vishnu aliyelala hivyo umewekwa kwenye ukuta wa kisima chenyewe, palipo na maji. Mchongaji hakuhitaji kuichonga bahari, kwa kuwa bahari ilikuwa pale, ikipanda na kushuka kila mwaka. Ndiyo maana wataalamu huiita Rani ki Vav hekalu lililogeuzwa chini juu: katika hekalu la kawaida hupanda ili umfikie mungu, na hapa hushuka, na patakatifu pake ni maji.

Kwenye kuta za pembeni mtafute Vishnu huyohuyo katika maumbo aliyoyavaa aliposhuka duniani: Varaha mwenye kichwa cha nguruwe akiiokoa ardhi kutoka majini, Vamana aliye mbilikimo, Buddha, na Kalki aliyepanda farasi, ambaye bado hajaja. Mtafute pia Durga mwenye mikono mingi akimuua pepo aliyejigeuza nyati. Kisha uende kwa wanawake. Wapo wengi kati ya mungu mmoja na mwingine: anayejipaka wanja, anayejitazama kwenye kioo, aliyezongwa na nyoka. Mmoja usimkose. Ametoka kuoga, ameshika nywele zake ndefu anazikamua, na chini yake bata-maji ameinua shingo na kufungua mdomo anayadaka matone. Mtazame huyo bata kwa karibu, shingo ilivyojipinda na mdomo ulivyokaa tayari. Mchongaji alijua kwamba atakayepita hapo amebeba mtungi, na kwamba tone moja ni kitu.

Sababu ya michongo hii kubaki mikali kama ya jana ni msiba uliokipata kisima. Mto Saraswati ulio jirani ulifurika, ukakijaza tope na mashapo, na kwa karne nyingi hakikuonekana. Mwishoni mwa karne ya 19 watafiti walikuta mdomo wa shimo na nguzo chache tu zimejitokeza. Idara ya mambo ya kale ya India ilikifukua na kukikarabati katika karne ya 20, kazi kubwa ikimalizika miaka ya 1980, na mwaka 2014 UNESCO ikakiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Tope lililokiua kisima ndilo lililoilinda michongo isiguswe na jua, mvua wala mikono.

Michongo ya Adalaj ni ya tabia nyingine. Kwa kuwa ujenzi ulimalizika chini ya utawala wa Kiislamu wa Sultani Mahmud Begada, mapambo ya maua, majani na maumbo ya kijiometri yameenea, nayo yamekaa ukuta mmoja na alama za Kihindu na Kijain. Tafuta wanawake wanaosukasuka maziwa. Ni mchongo mdogo, unaopitwa kwa urahisi, na ndio unaonipendeza kuliko yote ya hapo, kwa maana ni kazi ya kila siku ya hao waliokuja kuteka maji.

Hatua ya tano: tenganisha maandishi na hadithi

Ukiwa Adalaj utasimuliwa kisa, na kisikilize hadi mwisho. Husemwa kwamba Rana Veer Singh, mtawala wa ukoo wa Vaghela, alianza kukijenga kisima akauawa vitani na Mahmud Begada; kwamba sultani akampenda mjane, Malkia Rudabai; kwamba malkia akakubali kuolewa kwa sharti kisima kimalizwe kwanza, na kilipomalizika akajitupa majini. Husemwa pia kwamba makaburi yaliyo karibu ni ya waashi waliouawa baada ya kukiri kuwa wangeweza kujenga kingine kama hicho.

Baada ya hapo, nenda ghorofa ya kwanza, upande wa mlango wa mashariki, ukalitafute jiwe la maandishi ya Kisanskrit. Jiwe linamtaja Rudabai na mumewe, linamtaja Mahmud kuwa ndiye mtawala wa wakati huo, linatoa mwaka 1555 wa kalenda ya Vikrama, ambao ni sawa na 1498 au 1499 yetu, na linataja gharama: zaidi ya laki tano za tanka, fedha ya wakati huo. Laki hiyo ni hiyohiyo ya wafanyabiashara wa Kariakoo, neno lililotufikia kutoka Bara Hindi. Jiwe halisemi habari ya mjane kujitupa majini. Hilo lisikufanye uidharau hadithi, kwa kuwa imekaa na watu wa kijiji kwa muda mrefu na inaeleza wanavyokumbuka kushindwa vitani. Ila kwenye daftari lako iandike ukurasa mwingine.

Hatua ya sita: uliza kwa nini watu waliacha kushuka

Mabomba na pampu ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni ugonjwa. Mnyoo wa Guinea hutoka kwenye mguu wa mgonjwa kupitia kidonda kinachowaka kama moto, na mgonjwa hutafuta nafuu kwa kuutia mguu majini. Hapo mnyoo humwaga vijidudu vyake, vijidudu humezwa na wadudu wadogo mno wa majini, na anayekunywa maji hayo humeza vyote. Kisima cha ndoo hakimruhusu mgonjwa kutia mguu. Kisima cha ngazi humfikisha hadi majini. Katika kampeni ya kuutokomeza ugonjwa huo, iliyoanza India miaka ya 1980, visima vya ngazi vilivyokuwa vikitumika kwa kunywa vilibadilishwa ili mtu asiweze tena kuingia majini, na mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani likaithibitisha India kuwa huru na ugonjwa huo. Ukikuta vav yenye geti au kifuniko kwenye kijiji kidogo, usiharakishe kulaumu.

Ukibakiwa na nusu siku

Rudi Ahmedabad, mtaa wa Asarwa, kwenye kisima cha Dada Harir, kilichojengwa mwishoni mwa karne ya 15 na Bai Harir, bibi wa nyumba ya huyohuyo Mahmud Begada. Pana msikiti na kaburi lake hapohapo. Kisima kina jiwe la Kisanskrit upande mmoja na jiwe la Kiarabu upande wa pili, yote mawili yakimtaja yeye. Aliyesoma chuoni utotoni asimame mbele ya lile la Kiarabu, ayafuate maandishi kwa kidole bila kuyagusa, na aanze kusoma kwa sauti.